Somo: jiundie mashine ya beliti ya msasa ya kukata midomo ya paipu raundi

Wakuu habari za saa hizi. Sisi tunaochomelea reli za ngazi tunajua tabu ya kutoa mdomo wa paipu, yaani kuikata ncha kwa mviringo ikae kwenye mgongo wa paipu nyingine, kwa grainda ya mkono, unakata unajaribisha mwanga bado unapita, unarudi tena, mwisho unajaza tundu kwa rodi mpaka kiungo kinavimba kama goti lenye jipu. Hapa Dodoma nyumba zinaota kila siku, Ihumwa huko mpaka Nkuhungu, reli haziishi, nikaona isiwe tabu.

Kwanza nunua beliti, usikate chuma chochote kabla hujaishika mkononi. Mimi nilianza na fremu nikazunguka Majengo siku nzima, naoneshwa fupi za maseremala tu, ikabidi niagize Dar. Yangu ni 50 kwa 1830 mm, msasa namba 60.

Fremu ni skwea paipu ya 50 mm, mkono wa mbele wa 40 mm unaingia humo ndani, unaukaza kwa bolti mbili usicheze. Mota 2 HP fazi moja, 2800 rpm (mizunguko kwa dakika), puli ya 100 mm, hapo beliti inakimbia kama mita 880 kwa dakika. Roli ya juu mpelekee fundi wa kukereza aiachie mgongo, katikati inenepe milimita 1 kuliko pembeni, nyuma yake weka springi ya kuvuta na bolti ya kuinamisha. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa bapa, nimewasha tu beliti ikachomoka ikapiga bati paaa, kuku wa jirani wote uvunguni.

Sasa roli ya mbele ndio mashine yenyewe. Unene wake, yaani kipenyo cha nje, ndio unaochora mdomo, kwa hiyo lazima ulingane na paipu itakayopokea. Usidanganywe na inchi za dukani, paipu ya maji ya inchi 1 ukiipima nje kwa kalipa ni 33.7 mm, ya inchi moja na nusu ni 48.3. Halafu toa unene wa beliti pande zote mbili, yangu ni kama 1 mm, kwa hiyo ya 48.3 nakereza roli ya 46. Beringi namba 6202 zinaingia humo vizuri, ila roli ya inchi 1 inataka namba 6000, na chukua zenye kifuniko cha mpira maana vumbi la huku mnalijua.

Mwisho meza yenye klempu inayozunguka kwa ajili ya nyuzi 45. Katikati ya paipu iwe usawa mmoja na shafti ya roli, ukikosea hapo mdomo unakaa upande.

Cheche zielekeze chini kwenye ndoo ya mchanga. Jirani yangu seremala, maranda yake yalianza kufuka wakati sisi tunakunywa chai.

MASWALI

Swali: Mkuu nina mota ya 1400, niitupe?
Jibu: Usitupe kaka. Spidi inakuwa nusu, ila kwa paipu nyembamba ya 1.5 mm mimi naipenda zaidi, chuma hakibadiliki rangi haraka.

Swali: Fundi yangu beliti inakimbilia kushoto hata nikaze vipi.
Jibu: Zima, zungusha kwa mkono huku unacheza na ile bolti ya kuinamisha. Isiposikia, roli haziko sambamba, pima kwa rula. Angalia na mshale ndani ya beliti, nisijekuwa naongea bure kumbe umeivalisha kinyume.

Swali: Paipu za zinki je?
Jibu: Inasaga, ila vaa barakoa na uitoe zinki yote sehemu utakayochomelea. Ule moshi mweupe ukiuvuta mchana, usiku unatetemeka homa unadhani malaria.

Swali: Kaka niuzie hiyo yako.
Jibu: Hii haiuzwi mdogo wangu. Lete vipimo vya paipu yako nikukerezeshee roli, fremu utachomelea mwenyewe.