Somo: Malalamiko ya mtaa kuyafikisha manispaa hapa Malindi, na ule mhuri musiuache

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Hili jambo naulizwa sana, kwa simu, nje ya msikiti, juzi sokoni mtu kanishika mkono kwa pembeni "ami hebu niambie ule mtaro wenu mlifanyaje", kwa hivyo leo nimekaa niliandike lote mahali pamoja mtu asome pole pole.

Mtaa wetu ulikuwa na mtaro umeziba. Kila masika maji yanasimama baina ya madrasa na duka la mkaa, maji meusi, yananuka, watoto wanavua viatu wanavishika mkononi wanapita hivo hivo na juzuu zao kichwani. Mimi nikaenda ofisini, ofisi moja sitaitaja jina kwa sababu si kusudi langu kumuumbua mtu, nikaenda mara nne ndani ya miaka miwili, kila mara nakuta mtu mwengine, ananikaribisha vizuri, ananisikiliza, anasema tutakuja kuangalia, mi narudi nyumbani nawaambia watu wameshasema watakuja. Mara ya tano nakuta ofisa mgeni, kahamishiwa tu, kaniuliza kwa adabu, mzee hii habari iko faili gani? Nikanyamaza. Miaka miwili ya nauli na jua na hakuna hata karatasi moja inayoonyesha kwamba nshawahi kufika pale. Roho iliniuma sana siku ile, na nyingi niliilaumu nafsi yangu.

Ndio maana somo hili karibu lote ni la karatasi moja tu.

Kabla ya hatua, tujue tunaongea na nani. Wazee bado wanasema kanso, na kweli Malindi palikuwa na baraza la manispaa na madiwani wake na meya, lakini hayo yaliisha kaunti zilipoanza 2013. Sai manispaa iko chini ya serikali ya kaunti ya Kilifi, inaendeshwa kwa Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, ina bodi ya watu 9, na kuna meneja wa manispaa ambaye kazi za kila siku ziko mkononi mwake. Barua yako inaandikwa kwa meneja. MCA, yaani mjumbe wa wodi yenu katika bunge la kaunti, mpe nakala, lakini usimwandikie yeye peke yake, kwa sababu kazi yake ni kutunga sheria na kuisimamia kaunti kule bungeni, yeye hana koleo wala gari la taka.

HATUA YA 1: Jua kitu ni cha nani
Hapa watu wengi wanapotea. Taka, mitaro ya mitaa, taa za mitaani, masoko, vichinjio, maegesho, barabara za kaunti, hayo yote katiba imeyaweka kwa kaunti, kwa hivyo anzia manispaa. Maji ya mfereji ni ya kampuni ya maji. Nguzo ya stima imelala ni Kenya Power. Ile barabara kuu ya kwenda Mombasa ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, na kuna nyengine ziko kwa KURA, wale wa barabara za mijini, na KeRRA, wale wa barabara za vijijini, kwa hivyo ukiwa huna uhakika andika tu ndani ya barua "kama barabara hii si yenu tunaomba mtuambie ni ya nani". Na chifu, mumheshimu, lakini chifu ni wa serikali kuu. Wa kaunti ni msimamizi wa wodi, wale tunawaita wodi admin.

HATUA YA 2: Picha, na hesabu
Piga picha mchana, ionekane kitu ambacho hakihami, mnara wa msikiti, mwembe, ukuta wa skuli. Halafu hesabu. Usiseme "mtaro mrefu", tembea uhesabu hatua. Usiseme "watu wengi wanateseka", piga hodi uhesabu nyumba zilizoingia maji. Sisi kijana mmoja alizunguka na daftari jioni moja tu, kazi ikaisha.

HATUA YA 3: Barua
Ukurasa mmoja, jambo moja. Ukichanganya mtaro na taa na mbwa wa mtaani, kila idara itasema si yangu. Kiswahili kinatosha kabisa, ni lugha ya taifa na lugha rasmi vile vile, kifungu cha 7 cha katiba. Mfano wa yetu ulikuwa hivi, badilisheni mtakavyo:

"Kwa Meneja wa Manispaa. Kuhusu: mtaro ulioziba nyuma ya madrasa, mtaa wa (jina), wodi ya (jina). Sisi wakaazi tuliotia sahihi hapa chini tunaomba mtaro huu uzibuliwe. Umeziba kuanzia duka la mkaa mpaka kwenye mwembe, kama hatua 60. Mvua ikinyesha maji hukaa siku 8 au zaidi na nyumba 14 huingia maji. Tunaomba mambo mawili: uzibuliwe kabla ya masika, na tujibiwe kwa maandishi ni lini. Picha 3 ziko pamoja na barua hii."

Basi. Hakuna matusi, hakuna "mmetusahau kwa sababu ya siasa". Hata kama unaamini hivyo, weka kando, kwa sababu karani akisoma sentensi kama ile barua yote anaiona ni ya chama. Sahihi chukueni za akina mama pia, tena wao ndio wanaojua maji yaliingia siku gani na yalitoka siku gani, na muweke namba ya simu ya watu wawili.

HATUA YA 4: Mhuri
Jamani hapa ndipo nataka mnisikilize. Nenda saiba, toa nakala mbili. Nenda nazo zote mbili. Moja unawapa, ya pili unamwomba karani aigonge mhuri wa kupokea, aandike tarehe, atie sahihi. Hiyo ya pili unarudi nayo nyumbani. Usikubali "wewe iache tu hapo mezani nitamfikishia mkubwa", hata kama yule karani unamjua, hata kama ni binamu yako. Si kwamba hatumuamini, ni kwamba yeye kesho anaweza kuhamishwa, na wewe pia mauti hayana miadi, mtaa utabaki na nini mkononi? Ukifika nyumbani piga picha ile nakala, itume kwa watu watatu wa mtaa. Karatasi huku kwetu na mchwa hawaishi pamoja.

HATUA YA 5: Kufuatilia
Mimi huhesabu siku 14, hiyo si sheria ni kawaida yangu tu. Zikipita narudi na nakala ya mhuri, naulizia imefika kwa nani. Kama hakuna la maana naandika barua ya pili, mistari mitano, "rejea barua yetu ya tarehe fulani", nayo inagongwa mhuri vile vile.

Na hiyo nayo ikikaa kimya ndio unaomba habari kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Hii wengi hawaijui na ndiyo yenye nguvu. Unaandika barua ya kuomba habari, kuiomba hakuna ada, ila fotokopi wanaweza kukutoza, na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Cha kuomba kiwe kitu kinachoweza kuwekwa mezani: nakala ya mpango wa kusafisha mitaro ya wodi hii mwaka huu, na pesa zilizotengwa ni ngapi. Usiulize "kwa nini mnatudharau", hiyo si habari, huwezi kupewa karatasi yake. Wakikunyima una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wanaiita Ombudsman, wako na ofisi Mombasa.

Hizo ndizo hatua. Maswali niliyoletewa nimeyaweka hapa chini na majibu yake.

MAMA NASRA: Shukran kaka. Mimi ni muuza mahamri, kuandika kwangu ni kwa taabu. Hiyo barua ya kuomba habari si mpaka uwe msomi?

Jibu: Hapana mamangu. Sheria yenyewe inasema ombi liwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na mtu asiyeweza kuandika ofisa anatakiwa amsaidie liandikwe. Nenda na mtoto wa skuli akae kando yako, akusomee kilichoandikwa kabla hujatia dole gumba.

KIJANA WA MAWENI: Sisi tulienda wakakataa kugonga mhuri, ati mpaka mkubwa awepo na mkubwa hayupo wiki nzima, sasa hapo tunafanyaje na masika hiyo inakuja?

Jibu: Usigombane na karani, pengine kweli mhuri umefungiwa. Mwulize jina lake kwa upole, andika nyuma ya nakala yako jina, tarehe na saa. Halafu nenda posta uitume kwa rejista, ile stakabadhi ya posta inakufaa kama mhuri, au itume kwa barua pepe na usiifute iliyotumwa. Na nakala nyengine peleka kwa wodi admin, huko jaribu mhuri tena.

MWALIMU WA GANDA: Sisi tuliomba mtaro mpya kabisa, si kuzibua. Tulipeleka mwezi wa nne, mhuri tunao, tukajibiwa vizuri tu kwamba pesa hakuna. Tulikosea wapi?

Jibu: Mwalimu hamkukosea barua, mlichelewa na kalenda, na hili ningepaswa kuliweka juu kule. Kuzibua ni kazi ya matengenezo, ikitakiwa hufanyika mwezi wowote. Kujenga kitu kipya ni mradi, na mradi una safari yake kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mwaka wa pesa za serikali unaanza 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unatakiwa ufike bunge la kaunti si zaidi ya 1 Septemba, yaani miezi kumi kabla ya huo mwaka wenyewe kuanza! Halafu 28 Februari kuna karatasi ya mikakati ya fedha inayosema kila idara itapata kiasi gani, 30 Aprili makadirio ya bajeti yanakuwa yameshafika bungeni, na ifikapo 30 Juni inatakiwa iwe imepita. Sasa wewe ukileta mradi mpya mwezi wa nne unakuta sahani zimeshapakuliwa. Barua yenu ya mtaro mpya ipelekeni Julai au mwanzo wa Agosti, muombe kwa maneno haya haya, "uingizwe kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka". Na vikao vya kutoa maoni vikitangazwa nendeni watu kumi, si watu wawili, na muhakikishe jina la mtaa wenu limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Watu wengi huenda vikao vile wakanywa soda wakarudi, wallahi inaniuma, kwa sababu pale ndipo mtaro unapozaliwa au kufa.

BINTI AMU: Salamu kutoka Lamu. Kwetu ndia ni nyembamba, mitaro ya wazi inapita mlangoni kwa mtu, na pahala pengi kuzibua ni lazima ubandue mawe. Hatua ni hizi hizi?

Jibu: Karibu sana dada. Lamu nako kuna manispaa, barua na mhuri ni vile vile. Lakini mji wenu wa kale umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo kutoa taka ndani ya mtaro ni jambo moja, na kubandua mawe au kugusa ukuta wa nyumba ni jambo lengine, hapo watu wa Makumbusho ya Taifa lazima wahusishwe, kuna sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Toa nakala tatu, moja iende makumbusho, nayo igongwe mhuri. Na muandike kabisa kwamba mawe yarudishwe yale yale, msije mkamwagiwa simiti.

BAHARIA: Askari wa kaunti anakuja kwenye meza yangu ya samaki jioni anachukua ushuru, risiti hatoi. Na hili ni barua?

Jibu: Ndio, lakini kwanza omba risiti, kila siku, kwa sauti ya kawaida. Katiba kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni bila sheria, na viwango vya kaunti viko kwenye sheria yake ya fedha ya kila mwaka, ambayo unaweza kuiomba kwa ile ile barua ya kuomba habari ujue unatakiwa kulipa ngapi. Weka daftari, tarehe na kiasi, siku ambazo risiti ilitoka na siku ambazo haikutoka. Mkiwa wauzaji watano wenye daftari kama hilo andikeni barua moja. Kuandika peke yako sikushauri.

UMMU SALMA: Na mtaro wenu wenyewe uliishia wapi? Hukusema.

Jibu: Barua ya kwanza ilipigwa mhuri mwezi wa kumi na moja, ya pili Januari, na mwezi wa pili wakaja vijana na makoleo, wakazibua kutoka duka la mkaa mpaka mlango wa madrasa, kazi nzuri, niliwapelekea chai mwenyewe. Kutoka madrasa mpaka mwembe, zile hatua 25 za mwisho, bado. Barua ya tatu iko tayari, sahihi 31, namngoja Jumanne fundi wa saiba afungue nitoe nakala.