Jinsi ya kusoma simulizi ya maisha ya mtu kwa mkabala wa kipostimodani

Kama una rekodi ya bibi yako akieleza alivyokulia, au umepewa wasifu wa mtu darasani na mwalimu kasema tumia nadharia ya usimulizi (yaani jinsi hadithi inavyojengwa na kusimuliwa) na mkabala wa kipostimodani, basi hii ni ya kwako. Nitatumia zaidi Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, kwa sababu aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na wewe unaweza kuyasoma bila kupitia kwa mkalimani. Pembeni yake nitaweka simulizi ya Swema, binti wa Kiyao aliyeingia utumwani akiwa mtoto na kufikishwa Zanzibar miaka ya 1860. Wote wawili wamo ndani ya biashara ileile, mmoja kwa juu, mwingine chini kabisa, na ukiwasoma pamoja ndo utaelewa kwa nini watu wanahangaika na hizi nadharia.

Kabla ya yote, swali la "je, anasema kweli?" liache lisubiri kidogo. Hatulitupi, tutalirudia huko mbele, ila ukianza nalo unageuka hakimu, na hakimu akishatoa hukumu anafunga faili. Anza na swali lingine: huyu mtu anajijenga kuwa nani kwa kusimulia hivi? Hapo ndo moyo wa jambo lote. Wanafalsafa wa nusu ya pili ya karne ya 20 wanaohusishwa na postimodani, Lyotard, Foucault, Derrida na wenzao, wanatofautiana sana lakini wanakutana kwenye shaka moja, kwamba hakuna nafsi iliyokamilika imekaa ndani ya mtu ikisubiri kuelezwa, nafsi inatengenezwa kwa lugha, kwa mazoea ya jamii, kwa mamlaka yaliyopo, na kusimulia ni sehemu ya hiyo kazi ya kutengeneza.

Sasa vitendo. Kama unarekodi mwenyewe, usiende na dodoso. Mwanasosholojia wa Kijerumani Fritz Schütze miaka ya 1970 alijenga mtindo wa mahojiano ambapo unauliza swali moja pana kisha unanyamaza, na kwetu mtindo huu unakubali sana maana wazee wetu wanajua kusimulia, tatizo ni sisi tunaowakatiza. Msalimie vizuri, kaa, mwambie "bibi, naomba unieleze maisha yako, anza popote unapotaka", halafu nyamaza kweli. Usiulize mwaka. Usimsahihishe akisema mvua ile ilikuwa kabla ya uhuru na wewe unajua ilikuwa baada. Maswali yote yanangoja mpaka aseme mwenyewe "basi, ndo hivyo mjukuu wangu". Pale alipochagua kuanzia pana maana kubwa, kuna anayeanza na kuzaliwa kwake, kuna anayeanza na ndoa, kuna anayeanza na babu yake alikotoka, na ukimuuliza alizaliwa lini umeshamchagulia wewe.

Ukirudi nyumbani andika kila kitu kama kilivyotoka. Kimya kiandike, kicheko kiandike, alipojirudia acha ajirudie. Najua inachosha, lakini ukisafisha lugha yake iwe kama taarifa ya habari umeshafuta nusu ya ushahidi wako kwa mikono yako mwenyewe.

Hatua inayofuata watu wengi wanairuka na kwangu mimi ndo muhimu kuliko zote: aliambiwa nani? Simulizi haina mtu mmoja, ina wawili angalau. Tippu Tip aliandika kwa sababu Heinrich Brode, Mjerumani aliyekuwa Zanzibar, alimhimiza aandike. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, Brode akaihamisha kwenye herufi za Kilatini, akaitafsiri kwa Kijerumani, ikachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Fikiria huo wakati: dola yake ya Manyema, mashariki ya Kongo, imeshameguka, Wabelgiji wameshika Kongo, Wajerumani wameshika bara, Waingereza wameshika Zanzibar, na mzee tajiri anamwandikia mtu wa hao wageni jinsi alivyokuwa mkubwa kabla wao hawajafika. Ukilijua hili, kila sentensi ya vita na safari inabadilika uzito.

Kwa Swema hali ni nzito zaidi. Maneno yake yametufikia kupitia kwa Padre Horner wa misheni ya Wakatoliki Zanzibar, kwa Kifaransa, kwa ajili ya wasomaji waumini wa Ulaya ambao misheni ilitaka waguswe na wachangie. Kwa hiyo tunaposoma "mimi" pale, huyo "mimi" ni nani? Usikimbilie jibu la haraka kwamba basi yote ni maneno ya padre. Kuna maumivu mle, mama kufia njiani, mtoto kuzikwa akidhaniwa amekufa, ambayo hayakubuniwa mezani. Ila mpangilio, pale pa kusimama, pale pa kulia, pale pa kusamehe, hapo mikono miwili imeshika kalamu moja na kazi yako ni kuonyesha unaona wapi mkono upi.

Usijidanganye pia kwamba hilo ni tatizo la karne ya 19 tu. Lubumbashi mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya Zaire (Kongo ya leo) kwa picha zaidi ya mia, na mazungumzo yake na mwanaanthropolojia Johannes Fabian yalifanyika kwa Kiswahili cha kule Shaba, yaani Katanga. Mfululizo ule usingekuwepo bila msikilizaji aliyeutaka na kuununua, na Fabian hilo hakulificha, aliyaweka mazungumzo yenyewe ili msomaji naye ayaone. Fanya hivyohivyo. Kwenye kazi yako andika wewe ni nani kwa huyo bibi, mjukuu, mwanafunzi, mgeni kutoka mjini, maana anavyomwambia mjukuu sivyo atakavyomwambia shemeji yake wala shehe.

Baada ya hapo ndo tunaingia kwenye mashine yenyewe ya simulizi. Mwanaisimu William Labov na mwenzake Joshua Waletzky mwaka 1967 walionyesha kwamba masimulizi ya watu wa kawaida yana sehemu zake: kuna muhtasari wa mwanzo (huu Labov aliuongeza baadaye, mwaka 1972), kuna kutambulisha nani wapi lini, kuna tukio linalovuruga mambo, kuna tathmini, kuna jinsi lilivyoisha, na kuna kufunga. Chukua penseli ya rangi upake kila sehemu. Nyingine zipite haraka tu, ila kwenye tathmini kaa sana. Tathmini ni pale msimulizi anapokuambia kwa nini unapaswa kujali, "yaani mwanangu, siku ile hata Mungu alishangaa", au anaapa, au anarudia neno mara tatu, au anamnukuu mtu mwingine akimsifu ili yeye asionekane anajisifu. Hapo ndo maadili ya jamii yake yanatoka wazi, kwa sababu anakisia wewe na yeye mnakubaliana nini ni aibu na nini ni fahari.

Kisha pima muda. Mhakiki wa fasihi wa Kifaransa Gérard Genette alitenganisha muda wa matukio na muda wa kuyasimulia, na hiki ni kipimo rahisi sana ambacho hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukitumia kesho asubuhi. Orodhesha matukio, andika kila moja limechukua mistari mingapi. Tippu Tip kwenye vita na mtawala Nsama wa Itawa na kwenye pembe anakaa, anahesabu kwa frasila, kile kipimo cha zamani cha uzito. Watu waliobeba hizo pembe vichwani hadi pwani wanapita bila majina. Kwa Swema ni kinyume chake kabisa, msafara wa aina ileile ambao kwa tajiri ni sentensi moja ya "tukasafiri", kwake ndo kitovu cha maisha. Mimi nikisoma hizi mbili pamoja nashindwa kukaa kimya, na sidhani msomi anatakiwa akae kimya hapa.

Hilo linatupeleka kwenye yaliyoachwa nje. Derrida alitufundisha kusoma pembezoni mwa maandishi, kutafuta kile ambacho maandishi yanakihitaji ili yasimame huku yakikificha. Kwa vitendo: tengeneza orodha ya waliotajwa kwa jina na waliotajwa kwa kundi tu. Angalia nani anatenda na nani anatendwa. Halafu jiulize, ukiwaondoa wale wasio na majina, je hadithi ingetokea? Bila wapagazi na watumwa hakuna pembe, bila pembe hakuna Tippu Tip.

Kuhusu masimulizi makuu, Lyotard kwenye ripoti yake ya 1979 aliyoandikia baraza la vyuo vikuu la Quebec alisema hali ya kipostimodani ni kutoyaamini tena yale masimulizi makubwa yanayodai kueleza kila kitu, maendeleo, ukombozi, ushindi wa akili. Wanafunzi wengi wanaandika sentensi hiyo na kuiacha hewani. Ishushe chini. Tanzania, mzee aliyehamishiwa kijijini kwenye Operesheni Vijiji miaka ya kati ya 1970 ana simulizi kubwa ya Ujamaa juu ya kichwa chake, tayari imeshampa nafasi ya kukaa: mjenga taifa au mwathirika. Sikiliza anapoazima maneno ya redio na ya mkutano wa hadhara, na sikiliza anapoyaacha, labda anapofika kwenye mwembe wa baba yake ulioachwa kule. Kwenye Swema simulizi kuu ni ya misheni, kutoka gizani kwenda kwenye nuru, na inaishia mahali ambapo lazima iishie, kwenye imani na msamaha. Usiitukane, wala usiimeze. Onyesha tu inabana wapi na yeye anapenya wapi.

Sasa nafsi yenyewe. Mwanafalsafa wa Kifaransa Paul Ricoeur alisema mtu anabaki yuleyule kwa namna mbili, kuna kufanana kwa kudumu kama tabia na sura, na kuna kubaki mwaminifu kama mtu anayetunza ahadi hata akibadilika, na simulizi ndo inayoshikanisha hizo mbili. Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua uko kwa Tippu Tip mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya 1870 alifika Utetera, Kongo ya mashariki, akiwa ameshasikia habari kwamba dada wa mtawala Kasongo Rushie alitekwa zamani vitani. Akadai yeye ni mjukuu wa yule mwanamke. Kasongo akampokea kama damu yake na kumwachia utawala. Umeona hiyo? Simulizi hapa ilimfanya mtawala, watu wakamtii kwa sababu yake, na miaka mingi baadaye anamsimulia Mjerumani jinsi alivyosimulia. Hapo una nafsi tatu kwenye ukurasa mmoja: mjukuu aliyerudi, mfanyabiashara mwerevu, na mzee anayekumbuka. Ukizitenganisha vizuri umepata sura nzima ya tasnifu.

Na lile swali la ukweli tulirudishe sasa. Postimodani haisemi kila kitu ni sawa, na atakayekuambia hivyo hajasoma vizuri. Watumwa waliuzwa kweli, watu walikufa njiani kweli, na hakuna nadharia inayoruhusu hilo ligeuzwe kuwa "mtazamo" mmoja kati ya mingi. Linganisha simulizi na barua, kumbukumbu za misheni, ramani, simulizi nyingine, na tofauti ukizikuta uzieleze badala ya kuzifuta. Kumbuka pia pingamizi la mwanafalsafa Galen Strawson, mwaka 2004, kwamba si kila mtu anaishi maisha yake kama hadithi, kuna wanaoishi kwa vipande. Kwa hiyo bibi akikupa vipande visivyoshikana, usivishone kwa nguvu upate mtiririko mzuri.

Unapoandika, anza na dondoo ndefu ya maneno yake, siyo na nadharia. Nadharia iingie pale tu inapofungua kitu ambacho macho matupu hayakukiona, na kama aya inasimama vizuri bila jina la Mfaransa yeyote, iache isimame. Kama mwenyewe yu hai, mrudie umsomee ulichoandika kwa lugha anayoielewa. Akikataa tafsiri yako, andika alivyokataa, kwa maneno yake, ndani ya kazi yenyewe na siyo kwenye kiambatisho.