Kupandikiza seli za saratani ya kongosho kwenye neva ya siatiki ya panya

Neva za kongosho la panya ni nyembamba mno kuzifuatilia moja moja. Ndiyo maana jinsi saratani inavyovamia neva huchunguzwa kwenye neva ya siatiki, pajani: ni nene, inafikika, na ikiharibika mguu hulegea.

Pata kwanza kibali cha kamati ya maadili ya wanyama. Seli za saratani ya kongosho za binadamu, kama MiaPaCa-2, zinahitaji panya wasio na tezi ya thaimasi, ambao kinga yao haizikatai. Swali likihusu kinga ya mwili, pandikiza seli za panya wa KPC (waliobadilishwa jeni wapate saratani ya kongosho) kwa panya wa C57BL/6, aina ya panya wa maabara wenye kinga kamili.

Osha seli kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa), hakikisha zaidi ya 90% zi hai, ziwe 100,000 kwa kila mikrolita, na zikae kwenye barafu. Huzama upesi, zichanganye taratibu kila unapovuta, la sivyo panya wa kwanza na wa mwisho watapata dozi tofauti.

Mpe panya buprenofini ya kutuliza maumivu, mlaze kwa gesi ya usingizi ya isoflureni (2–3% mwanzoni), mpake malhamu machoni, mweke kwenye pedi ya joto. Pasua ngozi sambamba na mfupa wa paja, utenganishe misuli kwa koleo butu. Neva itaonekana, nyeupe inayong'aa. Usiivute: neva iliyovutwa hupoozesha mguu bila saratani yoyote.

Kinachofuata ndicho kigumu. Chini ya hadubini, ingiza sindano ya Hamilton ya mikrolita 10 ikiwa imelala karibu sambamba na neva, juu kidogo ya inapogawanyika. Sukuma mikrolita 3 kwa dakika 2 hivi. Neva itune pale pale. Subiri dakika 1 ndipo uchomoe. Tone likivuja, muondoe panya huyo kwenye hesabu. Uvimbe wake utaota misulini na kuizunguka neva kwa nje, nawe utauita uvamizi.

Kundi la ulinganisho lichomwe PBS ya ujazo uleule, ili madhara ya sindano yajulikane. Kila wiki pima upana wa vidole vya nyuma vikitanuka. Anayejitafuna vidole auawe kwa utaratibu wa kibinadamu siku hiyo hiyo.

Mwishoni toa neva yote hadi karibu na uti wa mgongo, funga uzi ncha ya juu, kata vipande kwa urefu, upake rangi ya H&E, inayoonyesha umbo la seli, na kingamwili ya S100, inayotambulisha seli za neva za Schwann. Umbali wa seli ya mbali kabisa upimwe kutoka neva inapogawanyika. Vipande vya mkingamo pekee havitakuonyesha seli zimefika wapi.

Siatiki hubeba zaidi nyuzi za hisia na za misuli, tofauti na neva za kongosho, kwa hiyo thibitisha matokeo kwenye uvimbe wa kongosho lenyewe.