Kabla Hujairudisha Gari Gereji kwa Sababu Bado Inamisi

Gari ya zamani ikitoka gereji bado inamisi, yaani silinda moja au zaidi inakosa kuwaka, kuna mambo mawili ya kutafuta: hitilafu uliyoenda nayo, na chochote kilicholegezwa, kilichobadilishwa au kilichorudishwa vibaya wakati wa kuitafuta. Kwa hiyo safari ya pili kwa fundi inataka maandalizi zaidi ya ile ya kwanza. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunarudi na hasira, tunasema "bado," tunaacha ufunguo, na fundi anaanza kubahatisha upya kwa pesa zetu.

Nina Corolla 100 ya mwaka 1994, injini yake 5A-FE, cc 1498, yenye distributa, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi. Ilinisumbua karibu miezi minne. Zikabadilishwa plagi, kisha waya za plagi, kisha kepu na rota ya distributa, kisha pampu ya mafuta. Kila safari niliambiwa "sasa imekaa sawa, bosi," na kila safari ikarudia baada ya siku mbili tatu. Nililipa mara nne. Ninayoyaeleza hapa ni yale ambayo ningeyajua kabla ya malipo ya pili, nisingefika kwenye ya tatu. Mengi yanafaa kwa Toyota nyingine za miaka ile zenye distributa, na kwa sehemu kubwa hata kwa magari ya kampuni nyingine.

Anza na daftari. Kabla hujamwambia fundi neno lolote, iangalie gari kwa siku tatu na uandike inamisi wakati gani, maana wakati unasema mengi. Inayomisi ikipanda mlima au ikibeba watu, halafu inatulia kwenye tambarare, mara nyingi ina shida ya moto wa plagi. Mgandamizo ndani ya silinda ukiwa mkubwa, cheche inapata tabu kuruka kwenye ncha ya plagi, hivyo waya, au koili inayozalisha umeme wa cheche, ikiwa imechoka inaumbuka hapo. Inayomisi kwenye sailensi tu, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, lakini ukikanyaga inakaa sawa, inakuelekeza kwenye hewa inayoingia kwa njia isiyo yake, nozo chafu (vinyunyizio vya mafuta), au tapeti zilizobana (vikombe vinavyosukuma vavu). Inayoanza kumisi ikishapata moto, fikiria vavu za kutolea moshi au vifaa vya umeme vinavyoshindwa vikipashwa. Na ile inayotetemeka asubuhi dakika chache na kutoa moshi mweupe wenye harufu tamu, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanakovuja, iachie kwanza plagi zake. Hiyo iulizwe habari za gasketi ya silinda hedi.

Andika pia kama iliguswa na maji. Huu mtindo wa kuoshewa injini kwa pampu ya presha pale pa kuoshea magari umeleta mateso mengi. Kwenye injini hizi plagi zimekaa katikati ya hedi, kwenye mashimo marefu yanayoshuka kupitia tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini. Maji yakiingia humo hayana pa kutokea. Gari inatoka inang'aa, na jioni inatembea na silinda tatu.

Jambo la pili ni kujua kila kilichoguswa. Omba spea za zamani zote, hata kama ni taka. Ni zako, na zinasema. Plagi nyeusi kavu imekuwa ikipata petroli nyingi au cheche dhaifu; yenye utelezi wa oili inakupeleka kwenye ringi za pistoni au sili za vavu; nyeupe kama chokaa imekuwa ikiungua kwa joto kali, mara nyingi kwa kupata hewa nyingi kuliko mafuta. Lakini zinafaa tu ikiwa unajua ipi ilitoka silinda ipi. Safari ijayo mwombe fundi azipange kwa mstari kama zilivyotoka, na uzipige picha hapo hapo.

Kisha anza pale mkono wa fundi ulipopita mwisho. Kama zilibadilishwa waya za plagi, hakikisha mpangilio. Injini hii inawasha silinda kwa zamu ya 1-3-4-2, na silinda namba 1 iko upande wa mkanda wa taimingi, yaani upande wa dereva kwa usukani wetu wa kulia. Waya mbili zikibadilishana nafasi, silinda mbili zinakufa pamoja, na injini inaweza kupiga mlipuko kupitia njia ya hewa. Kama mkanda wa taimingi au pampu ya maji vilifunguliwa, uliza alama zilivyopangwa, kwa sababu jino moja tu likipitiliza linatosha kuiharibu sailensi na nguvu. Kama injini au gia boksi ilishushwa, tafuta waya wa ethi kutoka injini kwenda kwenye bodi. Ni waya unaosahaulika kirahisi, na bila huo umeme unatafuta vichochoro. Kama sehemu ya hewa ilifunguliwa, fuata kila mpira mwembamba kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, hasa ule unaoenda kwenye sensa ya MAP. Sensa hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta mzigo wa injini. Mpira wake ukichanika, kompyuta inamwaga mafuta kwa hesabu isiyo ya kweli.

Na kama hedi ilifunguliwa vavu zikasagwa, hapo simama kabisa. Vavu ikisagwa inazama zaidi kwenye kiti chake, na shina lake linapanda juu. Ile nafasi ndogo kati ya kamu (shafti inayofungua vavu) na tapeti inapungua. Kwenye 5A-FE nafasi hiyo hairekebishwi kwa skrubu. Inarekebishwa kwa vijisahani vya chuma vya unene tofauti, vinavyoitwa shimu. Fundi akizirudisha shimu zile zile bila kupima, au akizichanganya, vavu inaweza ikawa haifungi kikamilifu injini ikipata moto. Itamisi kwenye sailensi, na hakuna plagi wala koili duniani itakayoitibu. Muulize moja kwa moja: "Fundi, ulipima nafasi za tapeti baada ya kusaga?" Akikwambia aliweka kwa uzoefu, umepata pa kuanzia.

Sasa tafuta silinda inayokosa. Hili unaweza kulifanya mwenyewe. Usichomoe waya za plagi kwa mkono injini ikiwa inaunguruma, ingawa utaona mafundi wakifanya hivyo. Umeme ule ni wa makumi ya maelfu ya volti, na cheche isiyo na pa kwenda inaweza kuua kifaa kinachoiwasha koili. Chomoa soketi za nozo badala yake, moja moja, na kuirudisha kabla ya kwenda kwenye nyingine. Kwenye Corolla hii ziko upande wa nyuma wa injini, kuelekea kwenye kioo, na kuzifikia kunahitaji uvumilivu. Ukichomoa ya silinda nzima, injini inalegea papo hapo. Ukichomoa ya silinda mbovu, hakuna kinachobadilika. Nozo ikichomolewa, silinda hiyo hainyunyiziwi mafuta kabisa, hivyo hupeleki petroli mbichi kwenye ekzosi.

Mimi ilikuwa namba 3. Nikazima gari, nikaiacha ipoe, nikavuta waya wa namba 3 kwa kushika kichwa cha mpira. Kilitoka kwa kunyonya, kama mguu kwenye tope. Mpira ulikuwa umevimba na kulainika, na ulipotoka ulidondosha oili nyeusi kwenye tapeti kava. Nikamulika tochi ndani ya shimo: oili ilikuwa imeizunguka plagi hadi nusu ya sehemu yake nyeupe. Nikainyonya kwa kitambaa nilichokifunga kwenye waya, kisha nikafungua plagi. Ilikuwa mpya, ya wiki tatu. Kwenye kauri yake palikuwa na mstari mweusi mwembamba, kama umechorwa kwa penseli, kutoka juu hadi kwenye chuma. Nilijaribu kuufuta kwa kucha, haukufutika. Ile ndiyo njia cheche iliyokuwa ikiipita nje ya plagi badala ya kuruka ndani ya silinda. Waya mpya na plagi mpya vilikuwa vimetumbukizwa kwenye shimo lile lile lenye oili, vikaharibika kama vilivyotangulia. Kilichohitajika kilikuwa gasketi ya tapeti kava pamoja na sili za mashimo ya plagi, mashimo yakaushwe kabisa, kisha plagi na waya wa silinda hiyo vibadilishwe pamoja, maana ule mstari ukishachoreka kwenye kimoja unaweza kukiambukiza kingine. Bei ya sili zile ilikuwa ndogo kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeuziwa.

Kama mashimo yako ni makavu, fungua boneti usiku mahali penye giza totoro, injini ikiwa imewashwa, na uangalie bila kugusa. Waya unaovuja utakuonyesha vimulimuli vya bluu vikiruka kwenda kwenye chuma. Mwenye multimita apime kila waya: Toyota inataka usizidi kilo-omu 25.

Upande wa kompyuta, usitegemee makubwa kwa gari za umri huu. Mfumo wenye namba kama P0301 au P0303, unaotaja silinda iliyokosa, ulilazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka 1996. Corolla 100 kama yangu haina namba ya kumisi. Ina kiboksi kidogo ndani ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa herufi. Ukiunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, ukawasha swichi bila kupiga stata, taa ya cheki injini inaanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina la kushtaki. Ikikonyeza mara mbili, ikatulia kidogo, ikakonyeza mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 31 ni sensa ya MAP, 41 ya throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta), 14 inahusu umeme wa kuwashia moto. Andika namba utakazoona kabla ya mtu yeyote kuchomoa betri au fyuza ya EFI (mfumo wa kunyunyizia mafuta), kwa sababu zitafutika.

Matundu hayo hayo yana kazi nyingine ambayo gereji nyingi zinairuka. Distributa huwekwa sawa kwa taa ya taimingi TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa, na alama isome digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu kabisa. Bila kuunganisha, kompyuta inajisogezea moto yenyewe na unachokisoma si msingi. Anayezungusha distributa kwa kusikiliza mlio anaweza kupata sauti nzuri pale gereji, na ukapata gari ambayo injini yake inagonga ndani ikipanda mlima.

Kabla ya kukubali kununua spea nyingine kubwa, sisitiza kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda. Injini iwe na moto, plagi zote nje, umeme wa distributa umekatwa, throto imefunguliwa yote, betri imejaa. Toyota inaruhusu tofauti ya silinda na silinda isiyozidi kama psi 14. Ikiwa moja iko chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu lake upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni vavu au gasketi. Hiki ni kipimo cha muda mfupi tu, na kingeweza kukuokoa na nozo nne usizozihitaji.

Mazungumzo na fundi yaandae pia. Mwambie utalipia muda wa kupima, hata kama hakuna kitakachobadilishwa. Wengi wanabadilisha spea ovyo kwa sababu hakuna mteja anayewalipa kwa kufikiri, na hilo kosa ni letu. Kubalianeni kitu kimoja kwa wakati, na gari itembee kabla ya kingine. Plagi zinunuliwe ukiwepo, kwenye duka unaloliamini, maana za feki zimejaa na boksi lake huwezi kulitofautisha kwa macho.

Wakati unasubiri zamu yako gereji, usiendelee na safari ndefu. Petroli isiyoungua inakwenda kuwakia kwenye masega ya ekzosi (kisafisha moshi), yanayeyuka na kuziba, na hapo utakuwa na gari isiyo na nguvu hata baada ya kumisi kuisha. Kama chini ya gari panakuwa pekundu kwa joto, au kijiti cha oili kinanuka petroli, izime na uivute.

Siku ya kuichukua, usikubali kuonyeshwa inavyounguruma imeegeshwa. Nenda na fundi barabarani, mtafute mlima, muwashe AC, mrudi muiache kwenye sailensi dakika kumi ikiwa na moto wake wote. Baada ya wiki moja fungua plagi ya silinda iliyokuwa ikisumbua. Yangu ilikuwa na rangi ya kahawia hafifu kama biskuti, na shimo lake lilikuwa kavu hadi chini.