Kumhifadhisha mtoto sura fupi: sikio kwanza, msahafu baadaye

Ninasomesha madrasa hapa Bombo, Uganda, kila Jumamosi na Jumapili, na swali la wazazi ni lile lile: nyumbani tuanzie wapi? Anzeni na Fatiha, maana ni nguzo ya swala. Kisha nendeni mwisho wa Juzuu Amma, yaani juzuu ya mwisho ya Kurani: An-Nas, Al-Falaq, Al-Ikhlas, mkipanda kurudi nyuma. Mtoto mwepesi wa kukata tamaa mpeni Al-Kauthar mapema. Ina aya 3 tu, naye ataonja raha ya kumaliza.

Msahafu ufunikwe kwanza. Mtoto akae mbele yako akutazame mdomo. Soma aya moja taratibu, akufuate, mpaka aisome peke yake. Ndipo aya ya 2. Kabla ya kugusa ya 3, aunganishe hizo mbili. Kwa niliyoyaona, watoto hawapotezi aya yenyewe, wanapotea pale inapoanza inayofuata. Kwa hiyo mimi humtajia mwisho wa aya, yeye anijibu kwa mwanzo wa nyingine.

Al-Kafirun ndiyo inayowazungusha. Aya ya 3 na ya 5 ni zile zile neno kwa neno, basi mtoto akifika ya 5 anarudi ya 4, anazunguka humo bila kutoka. Mfundishe kwa vidole vya mkono mmoja: kidole cha 3 na cha 5 ni "wala antum", cha 4 kilicho katikati yao ni "wala ana". Akikunja cha 5, vidole vimekwisha, kilichobaki ni aya ya mwisho, "lakum dinukum". Watoto wa Kinubi huidaka haraka, kwa kuwa "ana" ya Kiarabu ndiyo "mimi" ya nyumbani kwao.

Wanaoongea Kiganda wana mtihani mwingine: l na r hubadilishana mdomoni bila wao kujua, na "lillahi" inatoka "lirrahi". Sahihisha siku ile ile. Kwa l, ncha ya ulimi iguse fizi nyuma ya meno ya juu na itulie. Kwa r itetemeke kidogo. Usimcheke, na kiboko kiweke mbali kabisa. Mtoto mwenye hofu hutamka haraka ili amalize.

Mtu mzima aliyesilimu karibuni msomeshe faragha, baada ya Isha, asione haya mbele ya watoto. Akitaka kuandika kwa herufi za Kilatini mwache, ila kwa muda tu, kwani h mbili za Kiarabu zote zitaandikwa sawa. Simuni achague msomaji mmoja wa taratibu, kama Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, asihamehame.

Sura iliyohifadhiwa iingizwe kwenye swala za sunna siku hiyo hiyo. Na mpya isitolewe mpaka ya jana isomwe bila kukumbushwa, hata kama jirani yenu ameshafika Al-Fil.