Unasoma historia na mazingira? Chagua eneo moja

Mwanafunzi anayechanganya kozi za historia, fasihi au dini na za sayansi ya mazingira hufanya vizuri zaidi akichagua eneo moja tu la kulifanyia kazi, kila kozi ikimrudisha hapo hapo.

Chukua mikoko ya Lamu. Vyumba vya nyumba za mawe za Mji wa Kale ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mkoko, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Hapo una kazi ya historia. Kwa kozi ya ikolojia, pima eneo la mita 10 kwa 10 msituni, hesabu miti kwa aina zake (mikoko yenyewe, michu na mikandaa), pima vipenyo vya mashina na utafute visiki. Kisha kaa na wakataji wazee: wanajua ukubwa wa mti kwa jina la nguzo itakayotoka, na majina hayo ni data kamili, yaandike kama unavyoandika vipimo.

Ila zungumza na wahadhiri wote wawili mapema. Data unaweza kuitumia pande zote mbili wakikubali, lakini insha ile ile ukiiwasilisha mara mbili ni kosa la kitaaluma. Barua ya utambulisho ya chuo nayo iombe kabla muhula haujachanganya.