Somo: Kuandaa nyumba ya kuuza hapa Mwanza, kabla dalali hajaleta mteja

Habari zenu wote. Wengi mmekuwa mkiniuliza kwa nini nyumba nzuri ya Kiseke au Buhongwa inakaa mwaka mzima bila kupata mtu, wakati ya jirani, iliyo ndogo kuliko hiyo, imeshaondoka. Bei huwa na sehemu yake, sibishi. Lakini mara nyingi mteja alikuja, akaona kitu kimoja kikamtia mashaka, na hakusema. Kaona doa chini ya ukuta, kajiuliza kama mvua inaingia ndani. Kafungua bomba likakohoa, kajiuliza hapa maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Anakuaga vizuri, anasema "nitakupigia," na hupati simu yake tena.

Kuandaa nyumba, kwa jinsi ninavyoifanya kazi hii, ni kuyaondoa mashaka hayo moja baada ya jingine kabla mteja hajafika, na kuyaondoa kwa kweli, si kuyafunika. Marekani hii ni kazi yenye watu wake. Barb Schwarz, aliyekuwa akiuza nyumba eneo la Seattle, ndiye anayetajwa kuianzisha mwaka 1972, na kule hufika mpaka kukodi makochi na vitanda ili nyumba tupu ionekane ina watu. Sisi hatuhitaji kufika huko. Tunahitaji fundi mwaminifu, ufagio, na muda.

Hatua ya kwanza: maji na unyevu, kabla ya rangi

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo hela nyingi hupotea. Mji wetu umekaa kwenye miteremko. Isamilo, Bugando, Mabatini, Igogo, kote huko nyumba yako ina jirani aliye juu yako, na mvua ikinyesha maji yake yanateremka kuelekea ukuta wako wa nyuma. Udongo ukiegemea ukuta, unyevu unapenya, plasta inatoa chumvichumvi nyeupe na rangi inavimba. Mwenye nyumba akiona hivyo humwita fundi rangi, anapiga rangi ya mafuta juu yake, na baada ya mvua mbili tatu malengelenge yamerudi. Mteja mzoefu huenda moja kwa moja nyuma ya nyumba na kupapasa ukuta kwa kiganja.

Anza nje. Ondoa udongo uliorundikana ukutani, ushuke chini ya usawa wa sakafu ya ndani. Chimba mfereji wa kuyapeleka maji pembeni, ujengewe kwa mawe na saruji, maana mawe Mwanza hayajawahi kuadimika. Kagua gata, lililotoboka au lililojaa majani linamwaga maji palepale kwenye msingi. Ukishaziba chanzo, ng'oa plasta iliyooza mpaka kwenye tofali, kisha acha ukuta ukauke. Wengi hawana subira ya hapo. Ukuta unahitaji majuma kadhaa, na ndiyo sababu nawashauri kazi hii ifanyike Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, ili nyumba iwe tayari kabla ya vuli kuanza Oktoba. Kisha piga plasta mpya, ikauke nayo, ndipo rangi.

Ndani, kagua mabomba yote. Funga kila koki ya nyumba halafu kaitazame mita ya maji. Kama bado inazunguka, kuna bomba linavuja mahali. Koki inayodondosha tone tone usiku kucha inahitaji washa tu, kile kipete cha ndani cha bei ndogo, lakini mteja akiisikia anawaza mengine asiyoyaona. Kama una simtanki, lioshe na ulijaze siku ya ugeni. Mteja akifungua bomba, yatoke.

Hatua ya pili: njia ya kuifikia nyumba

Mteja anaanza kuamua akiwa bado hajaona mlango. Kwenye vilima vyetu gari huishia chini na mtu anapanda kwa miguu, tena mara nyingi anakuja na mzazi wake mtu mzima. Ngazi za mawe zilizolegea zikazwe kwa saruji, weka bomba la kushikia pale penye mwinuko mkali, fyeka majani. Geti lisilalamike: mafuta kidogo kwenye bawaba, msasa kwenye kutu, rangi mkono mmoja. Kama njia mnaitumia na majirani, kaongee nao mapema kuhusu takataka na maji machafu. Jirani mwenye kinyongo naye anaweza kuwafukuza wateja.

Hatua ya tatu: kupunguza vitu

Hii inauma, naijua. Sebule zetu zinabeba maisha yote ya familia: kochi la watu saba, kabati la vyombo vya harusi, picha ya mahafali, kalenda za miaka minne, vitambaa vya kufuma kila mahali. Vina thamani kwenu, lakini mteja akiingia anahisi yuko ugenini, na mtu aliye ugenini hawezi kuwaza kitanda chake kitakaa wapi. Toa nusu ya vitu, upeleke kwa ndugu. Picha za familia shusha zote. Bakiza kochi la kutosha, meza, pazia jepesi. Chumbani kitanda kimoja kilichotandikwa shuka safi, na sakafu ionekane mpaka kwenye kona.

Chumba mnachotumia kama stoo kirudishwe kuwa chumba. Ukimwambia mteja una vyumba vinne na kimoja kimejaa magunia na baiskeli mbovu, atahesabu vitatu.

Hatua ya nne: harufu

Tunakula samaki, tunakaanga dagaa, na pua zetu zimezoea. Za mteja hazijazoea. Siku mbili kabla ya ugeni hamishieni mapishi ya samaki nje. Masizi ya mkaa ukutani jikoni yasuguliwe kwa maji ya sabuni kabla ya kupaka rangi, la sivyo yatatokeza tena. Choo kikinuka licha ya kuoshwa, tazama kama sinki la sakafuni limekauka. Mimina maji ndani yake yazibe hewa ya shimo. Kama shimo limejaa, ita gari la kunyonya mapema, wiki nzima kabla, si asubuhi ya ugeni. Marashi makali msitumie. Mteja akiyasikia anajiuliza mnaficha nini.

Hatua ya tano: rangi na mwanga

Kwa ufupi: nyeupe ya maziwa au kijivu chepesi, rangi ya kuoshwa, chumba kizima na si kipande. Badilisha balbu zilizoungua. Osha vioo na nyavu za mbu. Nyavu zenye vumbi hula mwanga kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya sita: ziwa, mawe, na saa ya kumleta mteja

Mji uko mashariki mwa Ghuba ya Mwanza, kwa hiyo nyumba nyingi zinazoona ziwa zinalitazama upande wa magharibi. Asubuhi, kama saa tatu au saa nne, jua liko nyuma ya nyumba, maji yana rangi ya buluu na macho hayaumi. Saa tisa alasiri jua linapiga sebuleni, joto linapanda na ziwa linakuwa mng'ao mtupu. Kwa hiyo leta mteja asubuhi. Akipenda, arudi karibu saa moja kasoro jioni aone jua likizama, hapo hakuna la kumweleza.

Mti unaoziba ziwa upogolewe, usikatwe. Kivuli nacho kina bei. Na jiwe kubwa lililoko uani, nawasihi, msilipasue. Lioshe, ondoa vichaka na nguo zinazoanikwa juu yake, weka benchi pembeni. Mtu anayetoka Dar es Salaam au Dodoma kutafuta nyumba hapa, mawe ni mojawapo ya alivyovifuata.

Hatua ya saba: picha na bahasha

Picha zipigwe nyumba ikiwa imeshaandaliwa, simu ikiwa imeshikwa kwa ulalo, kioo cha kamera kimefutwa, mapazia wazi. Isionekane sura ya mtoto wala namba ya gari. Kisha andaa bahasha mezani: nakala ya hati au leseni ya makazi, kibali cha ujenzi kama kipo, risiti za kodi ya pango la ardhi, bili ya karibuni ya MWAUWASA, mamlaka yetu ya maji, na namba ya mita ya umeme ya LUKU. Nyaraka halisi zibaki kwako. Dalali naye, kubalianeni kwa maandishi asilimia yake na nani anailipa, kabla hajaleta mtu wa kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Nyegezi: Ahsante mwalimu. Mimi nina hela kidogo sana, haizidi laki tatu. Nifanye lipi niache lipi?

Karibu mama. Usafi, kupunguza vitu na kufyeka havidai hela, anza navyo. Laki tatu yako ipeleke kwanza kwenye kinachovuja: gata, koki, washa. Kikibaki kitu, paka rangi sebule na ukuta wa mbele tu. Vyumba vya ndani vioshe. Usikope kwa ajili ya marumaru mpya. Mnunuzi anaweza kuzing'oa aweke za kwake.

Kijana wa Igoma: Shikamoo. Nyumba yangu ina wapangaji. Wateja wakija wanakuta vyumba vimefungwa au vimevurugika.

Marahaba mwanangu. Wapangaji wasisikie habari ya kuuzwa kwa nyumba kutoka kwa dalali. Kaa nao, waeleze wewe mwenyewe, panga nao siku mbili za wiki za kupokea wageni na usizivuke. Ukiweza wapunguzie kodi ya miezi hiyo kwa usumbufu wanaoupata. Mteja naye aambiwe wazi mikataba yao inaisha lini. Nimeona wapangaji walioheshimiwa wakimsimulia mteja uzuri wa nyumba kuliko mwenye nyumba.

Dada wa Pasiansi: Ni nyumba ya marehemu baba. Ndugu wamekubali kuuza, ila vyombo vya mama bado vimejaa na hakuna anayetaka kuvigusa.

Pole sana dada. Kabla ya ufagio, hakikisheni msimamizi wa mirathi ameteuliwa na mahakama, maana bila yeye hamna wa kusaini na mteja makini ataondoka. Vyombo vya mama visiguswe na fundi wala mtu wa nje. Chagueni siku moja mkutane ndugu wote, kila mmoja achukue anachotaka, na kinachobaki kigawiwe kwa jirani au kanisani, mkiona inafaa. Itachukua siku nzima na mtalia. Ipeni hiyo siku.

Kaka wa Isamilo: Kiwanja na nyumba vina jina langu peke yangu. Mke wangu hahusiki na mauzo, sawa?

Anahusika, kaka. Kama ndiyo nyumba mnayoishi kama mume na mke, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake hata kama jina ni lako. Mteja ataomba kuiona kwa maandishi. Na mke asiyetaka kuhama huonekana usoni siku ya ugeni.

Mkazi wa Luchelele: Nyumba yangu iko jirani kabisa na maji. Niweke gati dogo la mbao ili ipendeze?

Usiongeze chochote upande wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Pima umbali wako kwa futi kamba na ujue jibu, kwa sababu mteja atauliza. Ataulizia pia mwaka 2020, ziwa lilipojaa kupita kiasi. Mwonyeshe maji yalipofika.

Fundi wa Nyakato: Kuna ufa kutoka dirishani kushuka chini. Niuzibe nipake rangi?

Kama ni wa juujuu kwenye plasta, mwembamba kama unywele, ziba. Kama unapita kwenye tofali au unashuka kwa ngazingazi, weka alama ya penseli kwenye ncha zake na tarehe, utazame miezi miwili. Ukipita alama, ita fundi anayejua misingi ya nyumba, na mteja aelezwe alichokisema. Kufunika ufa unaotembea ni kumuuzia mwenzako nyumba itakayomtesa na watoto wake, na mimi kazi hiyo siifanyi kwa bei yoyote.

Mama wa Bwiru: Wale wadudu wa ziwani wakija kwa makundi?

Zima taa za nje usiku wa kuamkia ugeni, funga madirisha ya upande wa ziwa mapema, na asubuhi fagia varanda kabla jua halijawakausha ukutani. Wakishakauka huacha madoa, hapo utatumia sabuni na brashi laini. Mteja akiuliza, mjibu kwamba hawang'ati na hukaa muda mfupi, kisha mwonyeshe nyavu zako hazina tundu.